Saratani ya pua na sinasi: kisu, shimio au mionzi? Ulinganisho kwa familia iliyoshika majibu ya anapat

Baba mdogo alikuwa seremala hapa Lubumbashi. Karakana yake ilikuwa Katuba, chini ya bati, na kwa zaidi ya miaka thelathini alikata mbao za mukwa na mukula bila kufunga chochote puani. Jioni akipenga kamasi, leso ilitoka nyekundu kwa vumbi la mukula. Ndiyo maana damu ilipoanza kutoka hakuna aliyeiona. Pua iliziba upande wa kushoto tu. Kituo kimoja cha afya kilimwandikia antibiotiki za sinizite (uvimbe wa sinasi, yale matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso) mara nne ndani ya miezi minane. Shavu likafa ganzi, jino la juu likaanza kucheza, na hapo ndipo daktari wa ORL, yaani wa pua, masikio na koo, alipomtoa kinyama kidogo na kukituma anapat, maabara inayotazama seli kwa darubini.

Siku majibu yalipofika tulikuwa watu saba sebuleni, na maoni matano. Shangazi alitaka apasuliwe wiki ile ile. Kaka yangu alishikilia kwamba kansere ikiguswa na kisu inakasirika. Mmoja alisema twende Lusaka akapigwe mionzi, mwingine akasema shimio, yaani dawa za kemo. Mzee mwenyewe, ameketi karibu na mlango, alisema tumwache ale bukari yake, yaani ugali.

Wote walimpenda. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa ameisoma karatasi hadi mstari wa mwisho, pale lilipoandikwa jina la seli. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya sebule kama ile. Hauchukui nafasi ya daktari, ila unakusaidia kujua umwulize nini.

Vigezo kwanza

Ugonjwa huu ni nadra. Kati ya saratani zote za kichwa na shingo, za pua na sinasi ni kama 3 hadi 5 katika kila 100, na ndiyo sababu hata daktari mzuri anaweza kupita miaka bila kukutana nao. Kabla ya kulinganisha matibabu, pimeni kila njia kwa maswali haya.

La kwanza ni jina la seli, na kwangu mimi hili linazidi mengine yote. Inayoonekana zaidi ni karsinoma epidermoidi, inayoanzia kwenye seli bapa za utando. Adenokarsinoma ni ile iliyohusishwa na vumbi la mbao: miaka ya 1960 daktari wa ORL Esmé Hadfield aligundua kwamba wagonjwa wake wengi wa saratani ya pua katika mji wa High Wycombe, Uingereza, walikuwa mafundi wa samani, na leo vumbi la mbao limo katika orodha ya kimataifa ya vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani. Kuna estesioneuroblastoma, inayoanzia kwenye neva ya kunusa. Kuna melanoma ya utando wa pua (ya seli za rangi), limfoma (ya seli za kinga), na ile ambayo seli zake zimepoteza kabisa sura ya asili, inayoandikwa indiferensiye. Zote zinaziba pua na kutoa damu. Matibabu yake hayafanani hata kidogo.

La pili ni mahali ilipofika. Mwaka 1933 daktari wa Sweden, Öhngren, alieleza mstari wa kufikirika unaotoka kona ya ndani ya jicho hadi pembe ya taya la chini. Weka kidole usoni mwako uufuate. Uvimbe wa sinasi ya shavu ulio chini na mbele ya mstari huo, upande wa meno, huwa na matokeo mazuri kuliko ulio juu na nyuma yake, kwa sababu huko juu kuna jicho na sakafu ya ubongo. Siku hizi skana na IRM, yaani picha za ndani ya mwili, ndizo zinazoonyesha mpaka halisi, lakini mstari ule bado unaeleza vizuri kwa nini wagonjwa wawili wenye uvimbe wa ukubwa mmoja hawapati jibu moja.

Halafu: wangapi wanaishi, mgonjwa anapoteza nini, inachukua muda na safari gani, na inamfaa nani. Haya manne nimeyatumia kwa kila njia hapa chini.

Neno kuhusu namba. Ukisikia "kuishi miaka mitano", maana yake ni kwamba kati ya wagonjwa 100 waliogunduliwa, hao ndio walio hai miaka mitano baadaye. Kwa takwimu za Marekani, saratani hizi zote zikichanganywa ni kama 6 kati ya 10. Ikikutwa bado mahali ilipoanzia, ni zaidi ya 8 kati ya 10. Ikiwa imevuka kwenda tishu za jirani au tezi za shingo, ni karibu nusu. Ikiwa imefika mbali, ni 4 na kidogo kati ya 10. Hizo ni namba za nchi yenye mashine kila mkoa. Zitumie kulinganisha njia na njia, usizitumie kumhesabia mzee wako siku.

Njia ya kwanza: upasuaji, kisha mionzi

Kwa karsinoma epidermoidi, adenokarsinoma na estesioneuroblastoma, hii ndiyo njia ambayo madaktari wengi huanza nayo pale uvimbe unapoweza kutolewa wote.

*Wangapi wanaishi.* Daktari Dulguerov na wenzake, katika mapitio yao ya 2001, walikusanya matokeo ya miongo minne. Miaka ya 1960 walioishi miaka mitano walikuwa 28 kati ya 100, na miaka ya 1990 wakafika 51. Kilichobadilika ni skana, upasuaji uliofika juu hadi sakafu ya ubongo, na kuunganisha kisu na mionzi. Kwa uvimbe uliopanda hadi hapo juu kabisa, uchunguzi uliochapishwa 2003 uliohusisha wagonjwa 1,307 wa hospitali 17 ulionyesha 54 kati ya 100 wakiwa hai baada ya miaka mitano. Lakini uchunguzi huo huo unasema ukweli wa upande wa pili: karibu 5 kati ya 100 walifariki kutokana na upasuaji wenyewe, na zaidi ya theluthi moja walipata matatizo.

Siri ya njia hii iko kwenye ukingo. Baada ya upasuaji, anapat hupima kingo za kipande kilichotolewa. Ukingo safi, matumaini yanapanda. Seli zikiwa zimebaki ukingoni, yanashuka sana. Kwa hiyo kaka yangu hakuwa amekosea kabisa, isipokuwa alikosea jina la adui. Biopsi, yaani kutoa kinyama cha kupima, haikasirishi kansere. Kinacholeta hasara ni upasuaji wa nusunusu, uvimbe kuchokonolewa bila picha wala mpango.

*Anachopoteza.* Hapa familia inapaswa kuambiwa bila kufichwa. Uvimbe wa sinasi ya shavu mara nyingi huondoka na sehemu ya taya la juu na kaakaa. Baba mdogo alipoamka alikuwa na tundu kati ya kinywa na pua. Maji yalitokea puani, na maneno yalitoka kama ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Daktari wa meno alimtengenezea kizibo cha plastiki chenye meno, kinachoshikilia yaliyobaki na kuziba lile tundu. Siku ya kwanza alipokivaa aliomba bukari na sombe (kisamvu). Alifinya tonge dogo, akatafuna upande wa kulia, akameza, akatungoja tuone kama kitu kitatoka puani. Hakikutoka. Shangazi alilia pale mezani. Kama mnaelekea njia hii, mwoneni daktari wa meno *kabla* ya upasuaji, achukue vipimo vya kinywa kikiwa bado kizima.

Jicho hutolewa pale saratani inapokuwa imeingia ndani ya tundu la jicho, kwenye mafuta na misuli yake. Ikiwa imegusa mfupa tu, mara nyingi jicho huokolewa. Ulizeni swali hilo waziwazi.

Kuna pia upasuaji wa kupitia puani kwa kamera, bila kukata uso. Kwa uvimbe uliochaguliwa vizuri, matokeo yake ya kuishi hayako nyuma ya yale ya kufungua uso, na mgonjwa hupona haraka zaidi. Lakini haufai uvimbe uliotoboa shavu, kaakaa au ngozi, na unahitaji daktari aliyeuzoea hasa. Kamera nzuri mkononi mwa asiyeizoea haina faida.

*Muda na safari.* Mionzi baada ya upasuaji huwa ni vikao 30 hadi 33, siku tano kwa wiki, yaani zaidi ya wiki sita, na inatakiwa ianze ndani ya kama wiki sita tangu kisu. Hapa ndipo sisi tulipoanguka. Tulichanga pesa za upasuaji, tukashangilia, kisha tukaanza upya kuchanga za mionzi. Pasipoti ilichelewa. Tulipovuka mpaka wa Kasumbalesa na kushuka hadi Lusaka, kwenye Hospitali ya Magonjwa ya Saratani, wiki kumi na moja zilikuwa zimepita. Aliishi miaka miwili na miezi michache. Siwezi kusema wiki zile ndizo zilizomwondoa, lakini nisingependa familia nyingine izirudie. Pangeni kisu na mionzi kama safari moja, pesa moja, tarehe mbili zilizoandikwa kabla ya kuanza.

*Inamfaa nani.* Mwenye uvimbe unaotoka wote, mwenye nguvu za kuhimili usingizi wa upasuaji, na mwenye uhakika wa kupata mionzi baadaye. Uvimbe mdogo sana wa ndani ya pua, ukitolewa wote kwa ukingo safi, wakati mwingine unaishia kwa kisu peke yake.

Njia ya pili: shimio kwanza, kisha kuamua

*Wangapi wanaishi.* Hapa seli ndiyo inayotawala. Kwa karsinoma indiferensiye, hospitali ya MD Anderson ya Houston ilichapisha mwaka 2019 matokeo ya wagonjwa 95 walioanza na shimio. Wale ambao uvimbe ulisinyaa, kisha wakapewa mionzi pamoja na kemo, 81 kati ya 100 walikuwa hawajauawa na ugonjwa huo baada ya miaka mitano. Wale ambao uvimbe ulisinyaa lakini wakapelekwa kwenye kisu, ni 54. Na wale ambao uvimbe ulikataa kusinyaa, mambo yaligeuka: waliopasuliwa walifika 39, waliopewa mionzi na kemo hakubaki hata mmoja.

Rudia kusoma aya hiyo. Shimio hapo limefanya kazi mbili, ya kutibu na ya kuuliza swali, na jibu la uvimbe ndilo lililoonyesha njia. Mimi naona huu ni mfano bora wa kwa nini haifai kukata shauri la matibabu yote siku ya kwanza.

Lakini msiuchukue mfano huo mkaubandika kwenye adenokarsinoma au melanoma, kwa sababu hizo haziitikii shimio kwa namna hiyo.

*Anachopoteza.* Nywele, hamu ya kula, kinga ya mwili kwa wiki kadhaa. Sisiplatini, mojawapo ya dawa za shimio, inaweza kuumiza figo na masikio, kwa hiyo vipimo vya damu na maji ya mshipani ni sehemu ya dawa, si nyongeza ya kukatwa ili kupunguza fakitira. Uso unabaki mzima, angalau kwa sasa.

*Muda na safari.* Kwa kawaida mizunguko hufuatana kila wiki tatu, kisha picha, kisha uamuzi. Mgonjwa anaweza kurudi nyumbani katikati, na hilo ni jambo kubwa kwa anayetoka mbali. Homa katikati ya mizunguko ni dharura: usiku huo huo hospitali, msingoje asubuhi.

*Inamfaa nani.* Mwenye karsinoma indiferensiye. Mwenye uvimbe unaokua kwa kasi. Mwenye uvimbe ulio karibu na jicho ambao madaktari wanataka kuupunguza kabla ya kuamua. Mwenye limfoma naye dawa ndizo nguzo yake, mara nyingi pamoja na mionzi, na kumkata taya mtu mwenye limfoma ni kumlemaza bure.

Njia ya tatu: mionzi bila kisu, peke yake au na kemo

*Wangapi wanaishi.* Katika mapitio yale ya Dulguerov, kati ya waliotibiwa kwa mionzi peke yake, walioishi miaka mitano walikuwa karibu theluthi moja. Ukiweka namba hiyo kando ya zile za kisu inaonekana mbaya, lakini ulinganisho huo una mtego. Waliopewa mionzi tu wengi wao ndio waliokuwa hawawezi tena kupasuliwa. Mbio hazikuanzia mstari mmoja. Mionzi ya kisasa inayofuata umbo la uvimbe, ikiunganishwa na kemo, imeboresha hali.

Jihadharini pia na majina yanayofanana. Saratani ya nazofarinksi, ile ya nyuma kabisa ya pua juu ya koo, ni ugonjwa mwingine. Kwake mionzi ndiyo tiba kuu na matokeo yake ni mazuri. Jirani akikwambia "wa kwetu alikuwa na kansere ya pua, mionzi tu ikamponya", huenda alikuwa na hiyo.

*Anachopoteza.* Kinywa kukauka, vidonda mdomoni, ladha na harufu kupungua, meno kuoza kama hayakutunzwa. Meno mabovu yang'olewe kabla ya mionzi, maana mfupa uliopigwa mionzi hauponi vizuri baada ya kung'oa. Hofu kubwa ni macho: neva ya jicho huvumilia kiasi cha kama 54 Gy (Gy ni kipimo cha mionzi), ilhali kuua uvimbe usiopasuliwa kunahitaji 66 hadi 70. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya ubora wa mashine na wa mpangaji wa mionzi uwe na uzito kuliko kwenye saratani nyingine nyingi.

*Muda na safari.* Vikao 33 hadi 35, karibu wiki saba mfululizo. Kukatiza katikati kunaipa saratani nafasi ya kujirudi. Kwa mtu wa Lubumbashi maana yake ni kodi ya chumba, chakula cha watu wawili, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na ndugu mwenye kukaa naye miezi miwili. Kibemba kinasaidia njiani, na Lusaka pia. Pigeni simu kabla ya kupanda basi, mwulize kama mashine inafanya kazi wiki hiyo na kama nafasi ya mgonjwa wenu imeandikwa kwa tarehe.

*Inamfaa nani.* Ambaye uvimbe umezunguka mshipa mkubwa wa damu au umeingia mahali ambapo kisu kitaacha nusu. Ambaye moyo au mapafu hayawezi usingizi. Na ambaye, baada ya kuelezwa yote, hataki uso wake uguswe. Huyu wa mwisho ana haki yake.

Njia ya nne: matibabu ya nafuu

Hii watu huiita "kurudishwa nyumbani", na inaniuma, kwa sababu ikifanywa vizuri ni kazi kubwa ya kitabibu.

*Wangapi wanaishi.* Lengo hapa ni siku zenye usingizi na heshima. Hata hivyo wengine huishi miezi mingi, hasa estesioneuroblastoma, ambayo hutembea polepole.

*Anachopoteza na anachopata.* Hapotezi uso wala miezi ya barabarani. Morfini ya kunywa, kwa saa zilizopangwa na si kwa kungoja maumivu, humrudisha mtu kwenye mazungumzo na wajukuu. Mionzi mifupi, vikao 5 au 10, inaweza kuzuia damu. Harufu ya kidonda, ambayo huwafukuza wageni na kumwaibisha mgonjwa kuliko maumivu, hupungua kwa vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa na kunyunyiziwa kwenye kidonda, kwa maelekezo ya muuguzi.

*Inamfaa nani.* Mwenye ugonjwa uliokwisha kufika mapafu au ini, au ubongo wenyewe, aliyedhoofika sana. Lakini pia kila mgonjwa wa njia tatu za kwanza, tangu siku ya kwanza. Dawa ya maumivu haisubiri matibabu mengine yashindwe.

Kwa hali yako

Kama karatasi imeandika *epidermoidi* au *adenokarsinoma* na skana inaonyesha uvimbe haujaingia kwenye ubongo wala kuzunguka mishipa mikubwa, anzeni mazungumzo na njia ya kwanza, na msilipe upasuaji kabla ya kuwa na tarehe ya mionzi.

Kama imeandika *indiferensiye* au *limfoma*, msikimbilie kisu. Mtafuteni daktari wa saratani kwanza, hata kama wa upasuaji yuko tayari kesho. Jina likiwa na alama ya kuuliza mbele yake, ombeni kipande kipelekwe maabara nyingine. Wiki mbili za kungoja jina sahihi ni nafuu kuliko miezi ya tiba isiyo yake.

Kama ni *melanoma*, jueni kwamba hata baada ya upasuaji mzuri wanaofika miaka mitano ni wachache, kama robo hivi. Mgonjwa aambiwe hilo kabla hajaamua atoe kiasi gani cha uso wake.

Kama ni *estesioneuroblastoma*, matumaini ni makubwa, mara nyingi 7 kati ya 10 au zaidi, lakini inaweza kurudi hata baada ya miaka kumi. Msitupe picha za zamani. Kwa saratani nyingine, marudio mengi hutokea ndani ya miaka miwili ya kwanza, kwa hiyo nauli ya kurudi kuonwa iwekwe kando mapema.

Kama pesa zinatosha sehemu moja tu, mwambieni daktari hivyo mwanzoni kabisa, kwa kiasi kamili. Atapanga tofauti akijua, na hatawaanzishia njia ambayo itakatika katikati.

Kama mzee mwenyewe anasema aachwe, mwulizeni anaogopa nini. Wetu, tulipomwuliza hatimaye, alikuwa anaogopa kuwamalizia watoto ada ya shule.

Na kama bado hamna karatasi yoyote, ila kuna fundi mbao nyumbani ambaye pua yake imeziba upande mmoja kwa wiki zaidi ya tatu, au inatoa damu upande huo huo, au shavu lina ganzi, msikubali antibiotiki mara ya pili. Ombeni ORL aingize kamera atazame. Na leso yake, mpeni nyeupe, akapenge Jumapili asipokuwa kazini.